B ISIYOSEMA KITU

 Lugha ya Kimombo imenitoa jasho tangu darasa la kwanza hadi leo nikiwa kidato cha tatu. Walimu wetu wa Kiingereza nawaomba wasinune wasomapo makala haya. Sisemi lugha yao ni mbaya. Nasema ina vituko, na kituko kimoja kilinifanya nimcheke baba yangu mzazi mbele za watu. Wengine wenu mlikuwapo.

Kwetu ni Tuwan, hapa hapa Kitale. Mtaani kwetu Mbukusu, Mturkana, Mkikuyu na Msabaot huchota maji kwa mfereji mmoja, na mtu akiingilia foleni watu hugombana kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha kitabuni, lakini kila mtu huelewa ametukanwa nini. Kiingereza tulikikuta shuleni. Katika shule ya msingi niliyosoma kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba, tukikiita diski. Ukinaswa ukisema Kiswahili au lugha ya mama siku ya Kiingereza, unavishwa shingoni, nawe unamvizia mwenzako ateleze umvishe yeye. Atakayekutwa nayo jioni ndiye wa kuosha vyoo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza kitu kama hicho katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, akikumbuka shule za Kenya baada ya hali ya hatari ya 1952. Mimi nilidhani mambo hayo yaliondoka na mkoloni. Wapi! Mimi nimeosha vyoo.

Basi tukajitahidi. Tukafundishwa kwamba 'cough' inasomwa 'kof'. Sawa, tukakariri. Kesho yake ikaja 'though', nami kwa ujasiri nikasoma 'dhof'. Darasa likaangua kicheko. Inasomwa 'dho'. Tulipofika 'through' nikasema 'thro', nikachekwa tena, kwa kuwa hiyo ni 'thru'. 'Rough' je? 'Raf'. Na 'bough', tawi la mti? 'Bau', kama ule mchezo wa kete. Herufi nne zile zile, na kila zinapokaa zinabadilisha sauti kama kinyonga anavyobadilisha rangi.

Kuna jingine ambalo sijasikia mtu akilisema, nami naliona ni kali kuliko yote. Mwanamke mmoja ni 'woman', wengi ni 'women'. Tazama vizuri herufi iliyobadilika: ni ile ya silabi ya pili. Sasa sikiliza mtu akitamka. Sauti inayogeuka kabisa ni ya silabi ya kwanza! Yaani mkono wameubadilisha nguo, aliyeonekana kuvaa mpya ni mguu. Na 'read' ya leo na 'read' ya jana zinaandikwa sawasawa, lakini ukizitamka sawasawa unachekwa. Mambo ya meno kuwa 'teeth' na viatu kutokuwa 'beet' nayaacha, maana kila mtu ameyalalamikia.

Sasa nije kwa babangu, ambaye nyumbani kwa Kibukusu twamwita Papa. Papa ni fundi wa baiskeli. Alitoka upande wa Kimilili, Bungoma, akaja Kitale kutafuta maisha. Shule aliachia darasa la nane kwa kukosa karo. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria, lakini baiskeli za maziwa na za kuni bado zipo, nazo hupata pancha. Kazini kwake Papa hutumia Kiingereza mchana kutwa bila kujua: breki, spoki, pedeli, tairi, pampu. Maneno hayo yaliingia Kiswahili kupitia masikioni, yakaandikwa yalivyosikika, hayajamsumbua mtu tena. Hata boda boda yenyewe ni mtoto wa huku kwetu Magharibi. Ilianza na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, na 'border' ya Waingereza ikapoteza zile r zake mbili bila kumwomba mtu ruhusa.

Shida huanza Papa anapotaka kuandika Kiingereza chenyewe. Kibanda chake kina maandishi ya rangi nyekundu: BICYCLE BREAK REPAIR. Jamaa mmoja aliyevaa tai alisimama hapo akacheka, akasema kumbe baiskeli zinavunjwa hapa. Papa hakuelewa anachekea nini, na kusema kweli hata mimi ilibidi nifikirie kidogo. Breki ni 'brake'. 'Break' ni kuvunja. Sikio halioni tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye karatasi tu, na karatasi ndiyo hutumika kumpima mtu kama amesoma.

Nikiwa kidato cha kwanza kulikuwa na mkutano wa wazazi. Wakati huo nilikuwa nimerudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Papa akavaa koti lake la kanisani, akaja. Mkutano ukaendeshwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, sijui kwa nini, maana wazazi wengi walikuwa ni wa masoko yetu haya haya. Ulipofika wakati wa maswali, Papa akainuka. Angeweza kusema Kiswahili na kila mtu angeelewa. Nadhani alitaka wajue kwamba yeye pia alipitia darasani. Akasema, "Mista cheaman, ai hefu e tepti ofu sikulu fisi."

Sisi wanafunzi tulikuwa tumejazana madirishani. Kicheko kilichotoka hapo kingeng'oa mabati. Mmoja akauliza kwa sauti kama huyo mzee anadaiwa na fisi. Nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote, ili asije mtu akajua yule ni nani wangu. Papa akatazama madirishani, akasema "thenki yu," akaketi. Alichotaka kuomba hakukiomba. Kumbe alikuwa amekuja kuomba aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kila wiki ili nisikose mtihani. Mtihani huo niliukosa. Tangu siku hiyo mikutano huja Mama.

Mwaka huu, nikitafuta maneno ya mdahalo wetu, nilifungua ile kamusi kubwa ya Kiingereza iliyo maktabani, inayoeleza kila neno lilikotoka. Nikaangukia 'debt', ambalo ni deni. Lo! Waingereza walilichukua neno hilo kutoka Kifaransa likiwa 'dette', halina b ndani yake. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuitamka hiyo b. Baadaye, katika karne ya 15 na ya 16, wasomi walikuwa wamelewa Kilatini. Wakaona neno la Kilatini ni 'debitum', wakaichomeka b ili kila mtu aone kwamba wanajua lilikotoka. Watu wakaiandika na wakakataa kuitamka. Ikabaki hapo, bubu, zaidi ya miaka 400. 'Receipt' nayo ilipachikwa p kwa njia iyo hiyo. Kwa hiyo ukienda kwa mhasibu wa shule unadaiwa kwa b bubu na unapokea risiti yenye p bubu. Mbaya zaidi ni 'island', yaani kisiwa. Hiyo s ilitiwa kwa makosa matupu. Walidhani neno hilo ni ndugu wa 'isle', lililotoka Kifaransa, kumbe lilikuwa neno lao wenyewe tangu zamani na halikuwa na s.

Nilisoma hayo nikiwa nimesimama, nikasahau kengele.

Si kila herufi bubu ni ya majivuno, nisije nikawasingizia. Ile k ya 'knife' na ya 'knee' ilikuwa ikitamkwa kabisa zamani za Chaucer, aliyekufa mwaka 1400. Wajerumani bado wanaitamka kwa goti lao, 'Knie'. Gh ya 'night' nayo ilikuwa sauti ya kooni, karibu na kh ya 'sheikh'. Mwaka 1476 William Caxton akaleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza, vitabu vikaanza kumwagika, na tahajia ikazoeleka machoni na kuganda. Ndimi hazikuganda. Ziliendelea kubadilika na kuyaacha maandishi nyuma. Mdogo wangu aliye darasa la tatu husoma 'ke-nifu' na kupigwa makofi ya mzaha. Huyo mtoto hajakosea sana. Amechelewa tu miaka mia sita.

Na sisi wa Kiswahili tusijigambe kupita kiasi. Tunasoma tunavyoandika kwa sababu tahajia yetu ya herufi za Kilatini ni changa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifisha ikaundwa 1930. Kabla ya hapo Waswahili wa pwani walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na alama tatu za irabu za Kiarabu zilibebeshwa irabu zetu tano, kwa hivyo msomaji alibahatisha vilevile. Tupeni miaka mia tano nasi tuone.

Tena chama chetu kina kosa lake. Kibukusu hakina b nzito wala d wala g inayosimama peke yake. Sauti hizo huja tu zikitanguliwa na m au n, kama katika 'mb' na 'nd'. Ndiyo maana mzee wa kwetu husema 'kari' badala ya gari na 'tata' badala ya dada. Ndiyo maana 'debt' yake ikawa 'tepti'. Nilipoandika "papa yangu" katika insha ya kwanza hapa shuleni, niliulizwa kama babangu anaishi baharini. Nilicheka na wengine. Kwa hivyo yule mzee siku ile alichekwa kwa ulimi wa mama yake, kisha akachekwa kwa kusoma b iliyoandikwa mbele ya macho yake. Na ile 'fisi'? 'Fees' imeandikwa kwa s, inatamkwa kwa z. 'Cats' imeandikwa kwa s, na hiyo inatamkwa kwa s. Angejuaje?

Likizo ya Agosti nilimwendea kibandani, alikuwa akitafuta pancha ndani ya karai la maji. Nikamweleza habari ya b yote, tangu Wafaransa.

"Waliitia ya nini?" akauliza.

"Waonekane wamesoma, Papa."

"Na hawaitamki?"

"Hawaitamki."

Akainua tyubu, akalitazama tundu. "Na deni lenyewe, hilo halikuondolewa?"

"Lipo."

"Haya. Mwambie mhasibu nitalipa lote, pamoja na hiyo b."

Tulicheka sana, na safari hii tulicheka pamoja. Kisha nikaona ni heri niseme lile lililonileta. Nikamwambia kwamba siku ya mkutano mimi pia nilikuwa dirishani na mimi pia nilicheka. Hakuinua uso. Alisugua tyubu kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza ikauke.

"Nilikusikia," akasema. "Kicheko chako nakijua tangu hujaota meno."

Akanipa pampu, akaniambia nijaze gurudumu la nyuma, mwenyewe anakuja kuichukua saa kumi. Nikajaza. Mkutano wa wazazi ni muhula ujao. Nimempa barua ya mwaliko, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Ameikunja akaitia kwenye kisanduku cha spana. Hajasema kama atakuja.