Nilimnyima Alama kwa Sababu Alisikiliza

Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, na kwa miaka mingi nimewafundisha wodini madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya familia hapa Kenya. Naungama kosa lililomwumiza mgonjwa na kumdhulumu mwanafunzi.

Ubingwa huu ulianza kufundishwa nchini mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Daktari aliyekwisha kuhitimu hurudi darasani miaka minne, akipitia upasuaji, uzazi, watoto, magonjwa ya ndani na afya ya akili. Mimi niliwachukulia kama watu wa kuziba pengo pale mabingwa wasipofika, nikawapima kwa kasi ya kumaliza foleni.

Siku moja kwenye kliniki ya presha, nilimkuta mwanafunzi wangu bado anazungumza na mama ambaye presha yake ilikataa kushuka kwa dawa mbili. Nilimkaripia mbele ya wenzake, nikaandika dawa ya tatu. Alijaribu kunieleza jambo, sikumpa nafasi. Katika ripoti yake nikamshusha alama: hajui kutumia muda.

Baada ya wiki chache mama aliletwa amevunjika nyonga. Ndipo nilipoambiwa kile mwanafunzi alichokuwa amekigundua. Mama alikuwa akigawana vidonge na mumewe, mgonjwa wa presha asiye na pesa za dawa. Mwana wao alipowanunulia za kuwatosha wote wawili, mama alianza kumeza dozi kamili ya dawa zote tatu. Presha ikaporomoka, akaanguka alipoinuka kitandani.

Hakuhitaji dawa ya tatu. Ilifaa mumewe naye atibiwe. Daktari wa familia hufundishwa kuuliza nani mwingine anaumwa nyumbani na dawa hununuliwa na nani. Majibu hayo hubadilisha matibabu. Mimi sikuwahi kumwuliza.

Nilimweleza mama kosa langu na kumtaka radhi. Nilimwomba mwanafunzi msamaha mbele ya wale wale walioshuhudia nikimkaripia, na nikaiandikia idara nikiomba ripoti yangu ifutwe. Siku hizi huketi pembeni tangu mgonjwa anapoamkiwa hadi anapoaga, nikatoa alama kwa yale mwanafunzi aliyoyagundua.

Mabingwa wenzangu mnaowafundisha madaktari hawa, msiwapime kwa saa. Tukiwazoesha kuharakisha, tunawapokonya ujuzi ule ule waliokuja kuusomea.