Mwanza mjini ni wapi hasa?

Mwanza. Mama anayeishi Kirumba anaweza kwenda Makoroboi kwa miguu, akanunua sare za shule na kurudi nyumbani kupika chakula cha mchana. Mwenzake wa Buhongwa, kusini kwenye barabara ya Shinyanga, anahitaji daladala na uvumilivu wa foleni. Wote wawili huaga nyumbani kwa maneno yale yale: "Naenda mjini."

Kwenye karatasi za Serikali mambo yamegeuka. Anayeishi ndani ya Jiji la Mwanza ni yule wa Buhongwa. Wa Kirumba, jirani kabisa na maduka, ni mkazi wa Manispaa ya Ilemela.

Mwanza ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 na ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2000. Wakati huo Nyamagana na Ilemela zilikuwa chini ya halmashauri moja. Mwaka 2012 Ilemela ikapata manispaa yake, jina la Jiji likabaki Nyamagana. Uwanja wa ndege, Uwanja wa CCM Kirumba, Pasiansi na Kitangiri vyote vikaangukia upande wa pili. Kwa hesabu hiyo, anayetua Mwanza kwa ndege bado hajafika Jiji la Mwanza.

Mjini ya wananchi haijali mipaka hiyo. Ni eneo dogo lililobanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, na lilikua hapo kwa sababu ya mizigo. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928 ikakutana na meli, na pamba ya Usukuma ikapita hapo kwenda nje. Hadi leo kuna kata ya katikati inayoitwa Pamba, na timu ya mpira ya Pamba Jiji imeyabeba majina yote mawili.

Makoroboi nayo ina historia yake. Koroboi ni kile kibatari cha mafuta ya taa, na mafundi wa eneo hilo walikuwa wakivitengeneza kwa makopo na mabati chakavu chini ya mawe makubwa. Watoto wengi wanaofuatana na wazazi wao kununua viatu hapo hawajawahi kusomea koroboi, ila jina wanalitaja kila siku. Ni swali zuri la kuwauliza mkiwa kwenye daladala.

Ndiyo maana mwenyeji hatosheki ukimwambia "tukutane mjini". Atauliza: Makoroboi, Kamanga au Nyerere Road? Kwa mfanyabiashara, mjini ni sokoni. Kwa anayevuka ziwa, ni kivukoni.

Miji mingine ina vituko vyake. Dar es Salaam, konda huita "Posta" au "Kariakoo". La kwanza ni ofisi ya barua tu iliyogeuka jina la katikati ya jiji, la pili limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Tangu Februari 2021, Jiji la Dar es Salaam kisheria ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala, kwa hiyo watu wa Kinondoni na Temeke wako kama wa Kirumba. Nairobi wanasema "tao" na wanaelewana. London ndiyo imezidi: eneo lenye jina rasmi la City of London ni kama kilomita za mraba 3 tu, lina meya wake, na Bunge la Uingereza liko nje yake.

Kwa familia yenye mgonjwa, haya si mambo ya kuchekesha. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima, hupokea rufaa kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, na Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ni hospitali mbili tofauti, hivyo mzazi aliyeambiwa "mpeleke mtoto Mwanza" asome kwanza jina lililoandikwa kwenye karatasi ya rufaa.

Kisha aulize basi linaishia wapi. La kutoka Shinyanga huishia Nyegezi, kilomita kama 10 kabla ya mjini. La Musoma huishia Nyamhongolo, ambako ni Ilemela. Anayetoka Sengerema ana njia mbili: akivuka kwa kivuko cha Kamanga anashukia mjini kabisa, na akipita daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, anaingilia Nyegezi. Daraja limeondoa kusubiri kivuko, lakini nauli ya kutoka Nyegezi hadi Bugando lazima iwemo kwenye bajeti, hasa usiku.

Kwenye fomu, neno "mjini" halisaidii kitu. Mtoto aliyezaliwa Bugando amezaliwa Nyamagana, hata kama wazazi wanaishi Ilemela, na hivyo ndivyo ijazwe kwenye usajili wa kizazi. Sehemu ya makazi ni jambo jingine: taja mtaa na kata, halmashauri itajulikana yenyewe.

Kina mama wa vikundi ndio wanaolihisi hili zaidi. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni ya wanawake, na kikundi huomba kwenye halmashauri yake. Kikundi cha Kirumba, kinachouza bidhaa zake Makoroboi kila siku, hakina mkopo wa kuomba Jiji. Ofisi za manispaa yao ziko Buswelu, na safari ya kwenda huko inawapa mgongo mjini.