Njia ya Gongoni na Pikipiki Kuukuu



Pikipiki tuliyosafiria juma lililopita tuliinunua kwa warithi wa marehemu mwalimu wetu, mjini Malindi. Ni Honda CG125, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1976, ambayo valvu zake husukumwa kwa vijiti vya chuma na mnyororo wake hufunikwa mzima usiingiwe na vumbi. Ilikuwa imelala chini ya mkungu miaka 6. Tangi lilishika kutu ndani, na kabureta ilizibwa na masalia ya petroli.

Miezi miwili, kila baada ya Alasiri, tulikaa na fundi. Tangi tulilitia mafuta ya taa na nati kuukuu, tukalitikisa hadi kutu ikabanduka. Vitundu vya kabureta vikazibuliwa, oili ikabadilishwa, plagi ikatiwa mpya. Siku injini iliponguruma tuliingia nyumbani kwa furaha, tukamwambia mama watoto ajitayarishe: kesho ni Gongoni, kumzuru shangazi yake mgonjwa.

"Baba Salma," akasema, "umenieleza habari za kuondoka. Za kusimama je?"

Hatukuwa na jibu. Breki ya nyuma tuliiacha kwa kuwa bado ilishika kidogo, na pesa zilikuwa zimepungua. Tulipoifungua tuliikuta imelika hadi karibu na chuma. Safari ikaahirishwa siku 4, breki zote mbili zikatiwa mpya.

Tulisoma dua ya safari. Akaukusanya upindo wa buibui mbali na spoki, tukashika njia ya kaskazini. Daraja la Sabaki tulilivuka asubuhi, maji yakiwa mekundu kwa udongo wa bara unaochukuliwa baharini. Tulipokaribia Mambrui, mji wenye kaburi la kale la mnara uliopambwa kwa bakuli za Kichina, mtoto alichomoka kichakani akimfukuza mbuzi. Tulishika breki zote mbili. Pikipiki ikasimama hatua 3 kabla ya kumfikia. Akatutazama, akacheka, akaendelea na mbuzi wake. Nyuma yetu tulisikia "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini, wala mama watoto hakutukumbusha lile neno lake.

Gongoni ni nchi ya chumvi. Maji ya bahari hukaushwa kwa jua katika mabwawa, na marundo meupe huonekana toka mbali. Upepo wake haukihurumii chuma. Kwa hiyo tuliporejea tuliiosha pikipiki kwa maji matamu, tukaifuta, tukautia mnyororo oili.

Ndugu wasomaji, Mtume (s.a.w.) alitufunza tumfunge ngamia kisha tutawakali. Sisi tulitaka kutawakali juu ya breki mbovu, na huo ulikuwa uzembe uliovaa kanzu. Basi anayeulizia breki nyumbani asiitwe mwoga. Huenda anamlinda mtoto wa watu asiyemjua.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu. Amin.