Wapasuaji wa Mshahara

Jengo refu linaloitazama bahari pale South Beach, Durban, wageni wengi hulidhania hoteli. Ni Hospitali ya Addington, mali ya serikali ya mkoa wa KwaZulu-Natal. Sisi Waafrika Mashariki tunaosomea upasuaji mjini humu tumepanga mitaa ya jirani, na jioni tukitembea ufukweni mazungumzo huangukia jambo moja: daktari analipwa na nani, na kwa lipi.

Huku mpasuaji aliyeajiriwa na hospitali kwa kawaida ni wa serikali. Hospitali binafsi haziruhusiwi kumwajiri daktari bila idhini ya baraza la taaluma; yeye hufungua ofisi yake na kumtoza mgonjwa, au bima, kwa kila upasuaji. Sheria ya Bima ya Afya ya Taifa, iliyotiwa saini na Rais Ramaphosa tarehe 15 Mei 2024, inataka mfuko mmoja ununue huduma pande zote mbili. Kesi zimejaa mahakamani.

Sisi mshahara wetu unatoka kwa waajiri wa nyumbani, na huko nako mambo yanageuka: Kenya imeiacha NHIF ikaingia SHA Oktoba 2024, Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mshahara ukichelewa tunakopeshana kodi, maisha yanaendelea.

Hata hivyo mshahara tunautetea. Mzee mwenye henia isiyomsumbua tunaweza kumwambia asubiri kwanza, na mfuko wetu usiumie. Anayelipwa kwa kila kisu, kusema hivyo kunamgharimu.

Ila mshahara haumsukumi mtu. Upasuaji ukiahirishwa kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi, au shuka safi (ndiyo, shuka), sisi tunalipwa vilevile. Mgonjwa aliyefunga kula tangu usiku ndiye anayerudishwa wodini, na wa kumpa habari ni sisi, si mhasibu. Gogo mmoja, ndivyo bibi anavyoitwa huku, alikwisha kuvua hereni na kuzifunga kwenye leso. Alituuliza swali moja tu: "Basi nirudi lini?" Tulimtajia mwezi, siku hatukuweza.

Tukirudi nyumbani, kabla ya kuuliza mshahara tutauliza thieta inafanya kazi siku ngapi kwa wiki.