Karavani la 1972 na ada ya mdogo wangu

Mwaka juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tanga akaniuliza, "Dada, ile hela ya chuo imefikia wapi?" Nikamjibu kuna mambo kidogo, avumilie. Ukweli ni kwamba hela ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa mkulima nje ya mji wetu hapa Uingereza, ina magurudumu mawili na inanuka mbao zilizooza.

Nilikuwa nimenunua karavani, yaani kile kinyumba kinachokokotwa na gari, ambacho Waingereza huenda nacho likizo. Lilikuwa Sprite Alpine la mwaka 1972. Sprite zilitengenezwa Newmarket, nyepesi na za bei nafuu, ili familia za kawaida nazo ziweze kusafiri. Siku hizi watu wanazipenda kwa sababu ya ukale wake. Nikajiambia: nitanunua kwa pauni 900, nitalitengeneza, nitaliuza kwa 4,500, ada ya mdogo wangu itatoka na chenji itabaki. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikamwambia ninayo.

Adui wa karavani kuukuu ni unyevu. Kwa nje unaona bati la aluminiamu linang'aa, lakini ndani yake kuna fremu ya mbao. Gundi ya kuzibia maungio ikizeeka, maji huingia polepole miaka na miaka bila mtu kujua. Mimi ni muuguzi, najua kidonda kinaweza kufunga juu huku chini kuna usaha. Hata hivyo sikubonyeza kuta kabla ya kulipa. Tulipobandua ubao wa ndani, mbao za kona zilimeguka mkononi kama mkate uliolowa.

Baadaye nilikaa na risiti zangu zote mezani. Mbao, plaiwudi na gundi, pauni 620. Mipira ya madirisha 180. Matairi matatu 150, maana tairi likikaa miaka mingi hupasuka hata kama kashata zake bado nzima. Breki na kiungio cha kukokotea 310. Fundi wa gesi na umeme 540. Hapo usijaribu mwenyewe, gesi inaua watu wakiwa usingizini. Magodoro na vitambaa 480, rangi 160. Na jambo nililolisahau kabisa: kuegesha, pauni 35 kila mwezi kwa miezi 12, jumla 420. Ukiongeza bei ya kununulia, ni pauni 3,760.

Niliuza kwa 2,900.

Hasara ya pauni 860 iliniuma, lakini hesabu ya saa iliniuma zaidi. Nilifanya kazi pale karibu saa 300, wikiendi na siku zangu za mapumziko. Kwa malipo yangu ya wakati ule, pauni 16 kwa saa, zamu za ziada zingeniingizia pauni 4,800 kabla ya kodi. Ada ingetoka bila kushika msumari.

Mnunuzi naye alinifundisha. Alifungua makabati niliyoyapaka rangi nyeupe kwa fahari, akatikisa kichwa. Wapenzi wa vitu vya kale wanataka mbao zilezile, jiko lilelile, pazia la enzi zile. Kumbe kila nilipofanya lionekane jipya nilikuwa naishusha bei yake. Aliuliza pia risiti zote, kwa sababu hapa karavani halina kadi ya usajili kama gari. Karatasi zako ndizo ushahidi wako. Kwa bahati nilikuwa nazo.

Mdogo wangu alichelewa chuo mwaka mzima. Nilipouza nikatuma ada siku ileile, kisha nikapiga simu nyumbani nikasema kila kitu. Mama alinyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, hasara si neno. Ungetuambia tu, tusingekaa tunangoja." Mdogo wangu hakusema kitu siku hiyo. Baada ya wiki alinitumia picha ya kitambulisho chake cha chuo, bila maneno.

Sisi tulio nje tunapenda kuficha. Tunataka nyumbani waone matokeo, wasione mahangaiko. Kama unatamani karavani la zamani, nunua ili ulale ndani yake na watoto wako, ufurahie mvua ikigonga paa. Kwa hilo linafaa. Bonyeza kuta kwanza, ulizia maegesho, weka risiti. Lakini hela yenye jina la mtu mwingine usiifanyie biashara mpaka mwenyewe ajue.