Saa Mbili Nyumbani, Saa Nane Kitabuni

Mwanafunzi anapoanguka hisabati, lawama aghalabu humwangukia yeye: ni mvivu, ni mzito wa akili, hakujaliwa. Ni nadra lawama hiyo kuifikia lugha aliyofundishiwa. Ilhali mtoto wa Kilifi au wa Lamu huingia darasani akiwa amekwisha kuhesabu mengi, kuanzia samaki mtungoni hadi kete za bao. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Nchini Kenya, Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike miaka mitatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia darasa la nne. Mtoto hubadilishiwa lugha papo hapo ambapo hesabu zenyewe zinaanza kuwa ngumu.

Chukua mfano wa saa. Mwalimu mmoja katika shule ya mashambani huko pwani aliwapa wanafunzi wake swali kutoka kitabuni: masomo huanza 8.20 asubuhi na kukoma 12.40 mchana, je, ni muda gani? Msichana mmoja akaandika saa 10 na dakika 20. Mwalimu mwenye haraka angalitia mkwaju wa wino mwekundu na kupita. Huyu aliuliza jibu limetoka wapi.

“Lakini mwalimu, shule huanza saa mbili na dakika ishirini,” akajibiwa.

Basi! Mtoto alianza safari kwa saa ya mamaye na kuimaliza kwa saa ya kitabu, akatoa 2.20 katika 12.40, na utoaji wake haukuwa na kasoro yoyote. Mwalimu alichora saa mbili ubaoni. Katika ya kwanza darasa lilihesabu kutoka 8.20 hadi 12.40, katika ya pili, kutoka saa mbili na dakika ishirini hadi saa sita na dakika arobaini. Zote zilitoa saa 4 na dakika 20. Wanafunzi wenyewe wakagundua kwamba tofauti ya sita inapoongezwa pande zote mbili, muda haubadiliki. Mvulana wa nyuma akataka kujua saa nane mchana itakuwaje, maana nane na sita ni 14. Akaambiwa aendelee kuuzunguka uso wa saa, akaangukia 2. Kuna wanaojifunza hesabu ya namna hiyo chuo kikuu, ikiwa na jina la kutisha.

Lugha ya Kiswahili nayo ina mitego yake, na si haki kuificha. Kumi na tatu hujieleza: ni kumi, kisha tatu. Ishirini haijielezi, neno hilo la Kiarabu halimwonyeshi mtoto makumi mawili, ilhali Mgikuyu asemaye mĩrongo ĩĩrĩ huyasikia makumi hayo waziwazi. Thumuni ni kisa kingine. Kwa asili ni sehemu moja ya nane, lakini Wakenya waliiita hivyo sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Mwalimu wa sehemu atakayelitumia neno hilo bila kulifafanua atakuwa amejitegea mwenyewe.

Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, uliwahimiza walimu wa sekondari wamwache mwanafunzi atende badala ya kunakili tu, na watumie vifaa vilivyo karibu. Kwa mtoto wa pwani, kifaa hicho huenda ki barazani kwa babu: bao lenye mashimo 32 na kete 64. Anayesambaza kete shimo kwa shimo anagawanya, na anayekisia kete ya mwisho itaangukia wapi anakokotoa kabla ya kushika kalamu.

Hata hivyo, karatasi ya mtihani wa hisabati huja kwa Kiingereza, na mwalimu yule analijua hilo kuliko wanaomkosoa. Kwa hiyo, baada ya majadiliano ya Kiswahili, huliandika swali lile lile upya ubaoni kwa Kiingereza na kuwapa wanafunzi dakika tano walisome kimya. Kalamu hubaki mezani. Kwanza kila mmoja humnong’onezea jirani yake, kwa lugha aitakayo, ni saa ya nani inayozungumziwa.