Jumamosi Moja Ujiji, na Swali la Kidato cha Pili

Najua nimepotea. Nilikuwa TP Kigoma, mwisho wa reli, wiki nane nzima nikishika chaki na kuitwa Madamu. Juzi nimerudi chuo kwa treni, miguu imevimba kama maandazi, na kwenye begi nimebeba mawese chupa mbili na dagaa ambao wenzangu wa chumbani wameshawapiga nusu bila hata kuona haya.

Ya kusimulia ni mengi, lakini leo nina moja tu. Limenikaa rohoni na nisipoliandika sasa nitalisahau kwenye mambo ya mitihani.

Mnajua mimi nasoma Ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Kule nilipewa Kidato cha Pili, Historia. Wiki ya tatu tukafika kwenye biashara ya utumwa. Nimejiandaa kweli kweli, andalio la somo limekaa sawa, ramani nimechora usiku kwenye manila: Ujiji, Tabora, Mpwapwa, Bagamoyo, mstari mwekundu. Njia yenyewe ni kama kilomita 1,200, watu wanatembea kwa miguu. Naeleza hapo, najiona mwalimu, mara kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madamu, kwani si hawa Wamanyema wa Ujiji ndio watumwa wenyewe?"

Darasa likacheka. Siyo lote. Kuna msichana wa dawati la pili, mwanafunzi mzuri tu, yeye alivuta ushungi mbele kidogo akaanza kuandika kitu kwenye daftari wakati hakuna cha kuandika.

Na mimi mwalimu nikafanya nini? Nikasema, "Nyamazeni, tuendelee." Nikageukia ubaoni nikaandika notisi mpaka kengele. Basi. Miaka mitatu ya saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia ikaishia pale.

Jioni nikamsimulia mwalimu wa hesabu tuliyekuwa tunapanga naye nyumba moja. Huyu dada ni Mjapani, amekuja kujitolea, Kiswahili anakiongea vizuri kuliko baadhi yetu. Akaniuliza, "Ujiji umeshafika?" Nikamwambia napita kila nikienda sokoni. Akasema, "Kupita siyo kufika." Nikakosa jibu. Tukakubaliana Jumamosi twende, tutembezwe na mtu anayejua. Mwenzangu mwingine wa TP, jamaa wa Jiografia, akadandia safari.

Tulitoka Kigoma mjini saa mbili asubuhi. Tulianzia stesheni, kwa sababu jamaa wa Jiografia alitaka picha. Ni jengo la Wajerumani, reli ya Kati ilifika pale mwaka 1914. Kutoka hapo daladala mpaka Ujiji ni kama kilomita nane, miembe njia nzima, tumebanwa na mama mwenye beseni la migebuka. Nauli ikalipwa na Mjapani maana bumu lilikuwa limechelewa, si mnajua tena.

Kwenye kumbukumbu ya Livingstone tukapokelewa na mzee mmoja, mpole, kanzu na koti. Tukamwamkia, akatuuliza tunafundisha nini. Niliposema Historia akacheka kidogo, "Basi leo nitaogopa kusema uongo."

Akatuanzishia ndani. Kuna sanamu mbili za ukubwa wa mtu, wazungu wawili wanavuliana kofia: Stanley na Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu za Stanley. Nje kuna mnara wenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake. Hayo yote nilikuwa nayajua kitabuni. Nisichokuwa nimekiunganisha ni hiki alichotuuliza mzee: "Walimu, kwa nini Livingstone alikuwa hapa siku ile?"

Jamaa wa Jiografia akasema chanzo cha Mto Nile. Mzee akasema sawa, lakini kabla ya Ujiji alikuwa wapi? Kimya. Akatueleza. Alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, huko Manyema, Kongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua bunduki sokoni. Mamia walikufa, wengi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliona kwa macho yake. Akaondoka mgonjwa na amevunjika moyo, akaingia Ujiji Oktoba. Wiki chache baadaye Stanley akatokea.

Mnaona? Dunia nzima inakumbuka zile kofia. Wale wanawake wa soko la Nyangwe ndio sababu mojawapo ya yeye kuwa pale, na mimi nimekaa darasani miaka yote hii sikuwahi kuwaweka kwenye hadithi moja.

Halafu tukaenda kwenye miembe. Iko miwili, mikubwa, kivuli kizuri. Mzee akasema wazi kwamba siyo wenyewe. Mwembe waliokutania chini yake ulikufa zamani, hii ilipatikana kwa kuunganishwa kutoka ule wa kwanza. Jamaa wa Jiografia akanong'ona, "Kumbe tumelipa kiingilio kuangalia watoto."

Mjapani hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya mti, mikono ameikutanisha kifuani, kichwa ameinamisha. Dakika nzima. Mzee akamwacha amalize, akamuuliza kwa heshima, "Mwanangu, unamwombea nani?" Akasema, "Wote waliopita hapa."

Ndipo akatusimulia kuhusu kwao. Yeye ni Mbudha. Akasema Buddha alipata mwanga akiwa amekaa chini ya mti, pale Bodh Gaya, India. Tawi la mti ule lilipelekwa Sri Lanka, Anuradhapura, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, likaota, mpaka leo lipo linatunzwa. Wa India wenyewe ulikufa, uliopo sasa ni wa uzao wake. Na watu wanatoka mbali wanakuja kuusujudia huo huo. "Hakuna anayesema huu siyo wenyewe," akasema. "Mti unakuwa wenyewe kwa sababu kuna mtu alitunza tawi." Akaongeza kwamba hata Dar, Upanga, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka, alishaenda. Mimi Upanga nimepita kwenye daladala tangu mtoto. Nimepita, sijafika.

Mzee alifurahi kweli. Akasema na Livingstone mwenyewe, alipofariki mwaka 1873 kule Zambia ya leo, moyo wake ulizikwa chini ya mti, halafu akina Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo. "Hao nao wafundishe, mwalimu," akanigeukia mimi. "Wenye kubeba."

Tukateremka na mtaa kuelekea ziwani. Ni mwendo kidogo. Mzee akasema zama zile maji yalikuwa juu zaidi, karibu na pale kwenye mnara, baadaye ziwa likarudi nyuma. Kwa hiyo hata ufuko siyo wenyewe! Mwaloni dagaa wameanikwa mchangani, watoto wanafukuza kunguru, mitumbwi inapakwa lami, na ng'ambo kabisa, kwa kuwa hakukuwa na ukungu, milima ya Kongo unaiona ya bluu.

Hapo nikamuuliza mzee lile swali langu. Nikalisema kama alivyolisema yule kijana, maneno yale yale, na nikaona aibu kuyatamka.

Hakukasirika. Akachutama, akateka maji kwa kiganja, akanawa uso. Akasema, "Mwalimu, ng'ambo hiyo watu walikuja kwa njia nyingi. Kuna aliyekuja na mnyororo. Kuna aliyekuja na pembe ya ndovu begani, mpagazi wa kulipwa. Kuna aliyekuja na bunduki ya bwana wake, na kuna aliyekuja kutafuta maisha tu kama wewe ulivyokuja na treni. Wote walishuka hapa, walikunywa maji haya. Wakaoana. Sasa huyo kijana wako, anaweza kuyachuja maji haya akaniambia tone lipi ni la nani?"

Kisha akasema taratibu, "Ila wazee wetu hawakutusimulia. Na kitu kisichosimuliwa ndicho watoto wanatukaniana."

Mwisho akatupitisha msikiti wa zamani wa jirani. Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Ujiji ni mji wa dini nyingi kuliko watu wanavyodhani: Uislamu ulishaota mizizi, Qadiriyya ina nguvu sana, na wamisionari wa London walifika mwaka 1878, wale Mapadre Weupe mwaka 1879. Mimi nikatawadha nikaingia upande wa wanawake. Mjapani akakaa kwenye baraza, viatu amevua, kimya. Jamaa wa Jiografia, Mkatoliki wa Bukoba, akakaa naye. Pembeni yangu aliswali mama mmoja mzee sana, na tulipotoa salamu akanishika mkono akaniambia, "Wewe una sura ya hapa hapa."

Jamani, nilitoka nikampigia bibi.

Bibi yangu anakaa Kariakoo. Tangu mdogo nikimuuliza kabila letu ananijibu, "Kabila lako Uislamu, nenda kasome." Na mimi chuoni nikiulizwa nasema mtu wa Dar, inaisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekula?"

"Bibi, sisi ni Wamanyema?"

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akasema, "Nani kakwambia?" Nikamwambia niko Ujiji, nimetoka kuswali. Nikasikia anavuta kiti.

"Bibi yangu mimi alikuwa anatoka huko," akasema. "Aliletwa mdogo. Tukimuuliza umetoka wapi, anasema ng'ambo. Ng'ambo wapi? Ng'ambo ya maji. Alikuwa hapendi kuulizwa, basi na sisi tukaacha." Halafu akacheka, kicheko chake kile cha kukwepa kulia. "Msikiti wa Manyema hapo Kariakoo umepita toka unanyonya, ulidhani jina ni la mwenye duka?"

Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ni ya mwaka 1922. Nimeiandika hiyo kwenye mitihani mara kibao, najua maksi zake. Sikuwahi kupiga hesabu kwamba mwaka ule bibi yake bibi alikuwa hai, mwanamke mzima, pengine ana watoto.

Tulirudi Kigoma saa saba na nusu. Nusu siku tu, wadau.

Jumatatu nikaingia Kidato cha Pili bila manila. Nikawaambia kuhusu soko la Nyangwe. Nikawaambia kuhusu Chuma na Susi. Halafu nikawaambia, "Bibi wa bibi yangu alitoka ng'ambo, Manyema, aliletwa mdogo. Mimi mwalimu wenu ndiyo uzao wake." Magoti yananitetemeka nyuma ya meza, ila sauti ilitoka. Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa nyuma akaangalia dirishani. Sikumsema, maana yeye aliuliza tu kile ambacho nyumbani na shuleni hakuna aliyewahi kumjibu.

Kazi ya nyumbani nikatoa moja: muulize mtu mzima wa kwenu, watu wenu walikujaje hapa? Andika atakachosema.

Kipindi kilipoisha yule msichana wa dawati la pili akabaki. Nikadhani ana swali. Akachukua dasta, akafuta ubao wote polepole, siyo zamu yake, akasema, "Asante Madamu," akatoka.

Siku ya kukusanya, wengine walileta kurasa mbili. Kuna waliotoka Burundi na babu zao, kuna Waha wa Kasulu, kuna ambao babu alikuja kujenga reli. Mmoja aliandika maneno mawili tu: "Bibi amekataa."

Nikampa vema. Chini yake nikaandika: muulize tena wakati wa Idi.

Haya, ngoja niwahi kantini kabla foleni haijafika barabarani, na ripoti ya TP inadaiwa Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo nikitoka kuikabidhi nakwenda Kariakoo. Bibi amesema niende na daftari.